Raba za Jumamosi

Miaka kumi na mmoja nimebeba mikoba ya watu
katika uwanja wa gofu hapa Moshi,
na mteja simjui kwa uso wala salamu.
Namjua kwa kiatu.
Kedi huinamisha kichwa,
na ukiinamisha kichwa unasoma miguu.

Nimesoma ngozi za zamani zenye meno ya chuma
zikitafuna ngazi za baraza, kra, kra,
mwenyewe akitembea kama anayedaiwa na sakafu.
Nimesoma raba za mjini, soli laini kama shavu la mtoto.
Yule bwana aliyezivaa, asubuhi ya Mei,
umande bado umelala,
alivuta fimbo nyuma, akaishusha kwa nguvu zote:
mpira ukabaki, akaenda yeye.
Sikucheka.
Nilicheka nilipofika nyumbani.

Sasa Jumamosi hii makedi tunashindana.
Kadi ya alama ina jina langu, Ndekusara,
limeandikwa kwa kalamu, halifutiki.
Na Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na moja,
sendofu ya mdogo wangu Haikasia, ukumbini Majengo.
Kamati imesema: kitenge cha zambarau, viatu vyeupe.
Kamati haijui lolote kuhusu mteremko wa shimo la nne.
Nina elfu thelathini na miguu miwili.

Memorial, belo limefunguliwa alfajiri.
Ombeni anasugua soli kwa dawa ya meno.
"Hizi za kutokea, dada. Zinang'aa hadi gizani."
Nikazivaa. Nikashika mwavuli wangu kwa mikono miwili,
nikasimama kwenye tope kando ya mtaro,
nikapinda magoti, nikazungusha.
Muuza soksi akasogeza meza yake.
Mguu wa kushoto ukaondoka bila kuaga.

Nikajaribu njumu za chuma.
Hizo zilishika ardhi kama mgomba,
ila nikawaza vigae vya ukumbi,
mimi katika mstari wa kupeleka zawadi
nikilia kama mbuzi juu ya bati.

Ndipo nikaziona, chini ya buti la polisi:
nyeupe, utepe wa kijani ubavuni,
juu raba kabisa, raba ya kijana wa chuo,
lakini chini vinundu vya mpira, vidogo,
vimepangwa kama maharage mkononi mwa anayechagua mbegu.
Nikamwagia maji ya chupa.
Yakakimbia, kama yanavyokimbia kwenye jani la gimbi.
Ombeni akasema, "Unaosha au unanunua?"

Nikageuza soli, nikasoma.
Ncha ya kushoto imelika, ya kulia nzima.
Basi aliyezivaa huko zilikotoka
alipigia mkono wa kushoto,
na kila akimaliza alikuwa akiburuta dole.
Mimi dole langu la kuburuta ni la kulia.
Alitumia upande wake, akaniachia wangu.

Hilo sikulisema.
Nilisema, "Kaka, ona, hii imekwisha,
hii ni ya kulimia."
Akatazama, akaguna. Arobaini ikawa thelathini na mbili,
thelathini na mbili ikawa ishirini na saba.
Elfu tatu iliyobaki nikanunua soksi
kwa yule niliyemtisha kwa mwavuli.

Alama zangu usiniulize.
Nikuambie tu kwamba pale shimo la kwanza,
nyasi bado zina maji,
kijana Kundaeli alinisalimia, akainamisha kichwa,
akakawia hapo chini.
Nikamwacha asome.
Nikavuta fimbo nyuma,
na ardhi haikunikataa.

Usiku, ukumbini, muziki umekolea,
shangazi akaniuliza raba hizi nimezitoa Nairobi?
Nikacheza bila kumjibu.
Nilipopita, kwenye kigae cheupe,
vinundu vilidondosha unyasi mmoja, mbichi,
na wa zambarau wote wakaukanyaga.